Vuli ya Mikocheni na Akiba ya Wazee

Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari za majira ya vuli, kama tuyaonavyo sisi wazee wachache tuliokwisha kustaafu, hapa Mikocheni, katika wilaya ya Kinondoni, mji wa Dar es Salaam. Si habari za safari ya mbali, wala si za mambo makuu. Ni habari za mawingu na ndege, miti na maji. Walakini ndani yake limo neno moja ambalo twaliona kuwa na faida kwa kila baba na mama wa nyumba, na kwa kila mwalimu mwenye watoto wa kufundisha. Nalo ni hili, ya kwamba kumbukumbu za wazee ni akiba ya nyumba. Na akiba isipotolewa ghalani kwa wakati wake huliwa na wadudu, na hasara yake huwapata wote.

Watu waliokwisha kuweka jembe chini

Kwanza yafaa mjue sisi ni watu gani. Mmoja wetu alikuwa mwalimu, wa pili mwuguzi, wa tatu karani wa bandari, na wa nne fundi wa reli. Katika nchi yetu mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari yake akiwa na miaka 55, na akifikia miaka 60 hana budi kuondoka. Hupewa fedha yake ya mkupuo, ambayo watu huiita kiinua mgongo. Jina hili ni zuri, maana lamwonyesha mtu aliyeinama kazini miaka mingi, na sasa asaidiwa kusimama wima apate kutazama mbele.

Lakini kusimama wima si jambo rahisi kwa aliyezoea kuinama. Wa kwanza kustaafu kati yetu aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri na kuvaa viatu vya kazi muda wa mwezi mzima, hata mkewe akamwuliza, "Baba, waenda wapi?" Naye hakuwa na jibu. Mwuguzi wetu naye asema kwamba usiku alikuwa akiamka akidhani anaitwa wodini. Tena wako wastaafu ambao miezi ya kwanza waliona kama wamekuwa wageni katika nyumba zao wenyewe: watoto wamekwenda shule, vijana wamekwenda kazini, na wao wamebaki na kiti, na redio, na paka.

Ndipo tulipoanza kukutana jioni chini ya mwembe, penye baraza ya mwenzetu mmoja, tukaanza kutazama vitu ambavyo miaka yote tulipita mbele yake bila kuviona. Mtu aendaye kazini hutazama saa. Mtu aliyestaafu aweza kutazama jua.

Vuli si majira ya kupukutika

Wajukuu wetu husoma katika vitabu vya Kiingereza habari za majira ya Ulaya yaanzayo mwishoni mwa Septemba na kuendelea hata Desemba. Humo husoma kwamba siku zafupika, baridi yaingia, majani ya miti yageuka kuwa mekundu na ya manjano, kisha yaanguka, na miti yabaki mitupu. Tena husoma kwamba watu wa huko huufananisha uzee na majira hayo, kana kwamba mzee ni jani lililokauka, ambalo lingoja upepo tu.

Katika Kiswahili wafasiri wengi huyaita majira hayo vuli, kwa sababu miezi yalingana. Lakini tazameni tofauti ilivyo kubwa. Sisi tumo kusini ya ikweta. Na kwa hesabu ya wanajimu, miezi ileile ambayo Ulaya majani yaanguka, upande wetu wa dunia ni miezi ya kuchipua. Mibuyu ya Msasani na Oyster Bay, iliyokaa mitupu wakati wa kiangazi kama mizizi iliyopinduliwa juu, huanza kutoa majani mabichi mvua zikaribiapo. Kisha hutoa maua makubwa meupe, yafunguayo usiku. Na popo huyajia kunywa utamu wake, wakichukua chavua kutoka ua hata ua. Mbuyu huishi miaka mamia mengi, wala uzee wake hauuzuii kuchipua kila vuli.

Kwa hiyo sisi twasema: mzee wa pwani asijifananishe na jani la Ulaya. Ajifananishe na vuli yenyewe. Maana vuli ni mvua ya pili. Ni ndogo kuliko masika, ni fupi, tena haina uhakika. Lakini ni mvua kweli, na atayarishaye shamba lake mapema huvuna kwayo kunde, mchicha, mihogo na mahindi ya muda mfupi. Miaka baada ya kustaafu ni hivyo hivyo. Si masika ya ujana, yenye maji mengi ya kumwagika ovyo. Ni mvua ndogo, na kila tone lake lina kazi.

Jinsi majira yajavyo

Wengi wamezisikia mvua hizi bila kujua sababu yake. Sababu ni mwendo wa jua. Baada ya tarehe 23 Septemba jua huvuka ikweta na kushuka kusini. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kwa hiyo yapata tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu hasa. Mwalimu wetu hupenda kuwaonyesha watoto jambo hili. Siku hiyo husimamisha fimbo wima uani. Na karibu saa sita na dakika kumi mchana kivuli cha fimbo hupotea kabisa, kana kwamba ardhi imekimeza. Jambo hili hutokea mara mbili tu kwa mwaka, Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Ni somo la jografia lisilohitaji ubao wala chaki.

Mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata jua, ingawa huchelewa kidogo nyuma yake. Ukishuka kusini hutupitia Oktoba hata Desemba, nayo ndiyo vuli. Ukirudi kaskazini hutupitia Machi hata Mei, nayo ndiyo masika. Mvua ya mwaka mzima hapa mjini ni yapata milimita 1,100, na fungu kubwa ni la masika. Lakini si nchi yote ipatayo mvua mbili. Fundi wetu wa reli, mzaliwa wa upande wa Songea, alipohamia pwani alistaajabu kusikia watu wakigawanya mvua. Kwao, na Dodoma, na Tabora, mvua ni moja tu, ianzayo Novemba au Desemba ikaenda mpaka Aprili.

Upepo nao hubadilika. Kusi, iliyovuma kwa nguvu tangu Aprili au Mei na kuichafua bahari, hupungua wakati wa demani. Kisha huja siku za maleleji, upepo usiojua uendako, na bahari ya Msasani hulala kama kioo. Wavuvi hupenda siku hizi. Karani wetu wa bandari asema kwamba hata bila kalenda angeujua mwezi wa Novemba kwa kutazama matanga ya ngalawa jinsi yanavyolegea. Mwisho wa yote huingia kaskazi, upepo uliovileta vyombo vya Arabuni na Bara Hindi pwani yetu kwa karne nyingi.

Dalili tuzionazo uani

Dalili ya mvua ni mawingu, wasema wahenga. Lakini mwenye subira huona dalili nyingine kabla ya mawingu. Dudumizi hulia katika vichaka vilivyobaki kando ya kuta, sauti yake ikishuka kama maji yamwagwayo kutoka mtungini. Na wazee wa pwani husema anaita mvua. Mbayuwayu huonekana juu ya nyaya za umeme na juu ya viwanja vya mpira. Hawa hutoka Ulaya, wakikimbia baridi ile ile isomwayo na wajukuu wetu vitabuni, nao husafiri maelfu ya kilometa mpaka kwetu na kuzidi kusini. Basi majira ya kupukutika ya Ulaya nayo hutufikia, lakini kwa mbawa za ndege.

Mvua ya kwanza ikianguka usiku, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuizunguka taa. Asubuhi mbawa zao hujaa kibarazani kama karatasi nyembamba, na kuku hushiba bila kupewa chakula. Zamani watoto waliwakamata kumbikumbi kwa beseni la maji lililowekwa chini ya taa, wakakaangwa kwa chumvi; siku hizi watoto wengi wa mjini huwakimbia. Mikrismasi, miti iliyotoka Kisiwa cha Bukini, hujipamba kwa maua mekundu Novemba na Desemba. Na maembe huanza: dodo, na bolibo, na mengine madogo yasiyo na jina, yaangukayo juu ya bati usiku kwa kishindo na kumwamsha mwenye usingizi mwepesi. Wazee tuna usingizi mwepesi.

Kunguru wenye shingo za kijivu huwahi maembe hayo kuliko sisi. Ndege hawa si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale takataka, wakazaana, wakavuka mpaka bara, nao hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo mtu akiona ndege wadogo wamepungua uani, asidhani macho yake ya uzee yamdanganya.

Mwuguzi wetu hutazama jambo jingine. Kila baada ya mvua huzunguka uani na kumwaga maji yaliyosimama katika makopo, vifuu vya nazi, na mipira ya magari iliyotupwa. Mjini hapa homa ya dengue ilienea mwaka 2014, na tena mwaka 2019, na mbu wake huzaliwa katika vyombo vidogo kama hivyo, tena huuma mchana. Husema, "Chandarua chamfaa alalaye, lakini kifuu kilichopinduliwa chamfaa alalaye na aliye macho."

Jina la mahali

Siku moja mjukuu wa mmoja wetu aliuliza, "Babu, Mikocheni maana yake nini?" Tukamjibu kwamba ni mahali penye mikoche. Akauliza tena, "Mikoche ni nini?" Tukatazamana. Katika mtaa ule wote hatukuweza kumwonyesha hata mmoja, ila tulilazimika kuutafuta mbali kidogo.

Mkoche ni mti wa jamaa ya mnazi na mtende, lakini una desturi isiyo ya jamaa yake: shina lake hugawanyika mapanda mawili, na kila panda hugawanyika tena. Majani yake ni kama pepeo iliyofunguliwa. Nayo ndiyo yatoayo miyaa, ambayo akina mama wa pwani husuka mikeka, vikapu na makanda. Matunda yake, makoche, ni ya rangi ya hudhurungi, makavu, yenye nyuzi na utamu kidogo. Watoto wa zamani walikuwa wakiyatafuna njia nzima ya kwenda shule. Mti huu hupenda nchi tambarare ya pwani, hasa mahali ambapo maji hayako mbali chini ya ardhi.

Hapo ndipo penye siri ya jina. Waliopaita mahali hapa Mikocheni hawakutaja mti tu, walitaja na maji. Mikocheni ni nchi ya chini, tambarare, na kila masika maji hukaa katika njia zake nyingi. Ajuaye maana ya jina hajengi bila kutazama maji yatapita wapi. Asiyejua hununua kiwanja wakati wa kiangazi, akakisifu kwa usawa wake, kisha mvua humfundisha.

Minazi nayo ina habari yake hapa. Tangu mwanzo wa karne ya 20 pwani yetu imesumbuliwa na ugonjwa uangushao kwanza nazi changa, kisha majani, mwisho kichwa chote, hata mnazi hubaki kama nguzo. Kwa ajili ya kuutafutia minazi msaada, mpango wa taifa wa zao hilo ulianzishwa mwaka 1979, nao ukawa na makao yake Mikocheni; mwaka 1996 makao hayo yakawa kituo cha utafiti wa kilimo, na mpaka sasa wataalamu huchunguza hapo magonjwa ya minazi na mihogo. Basi mahali ambapo mikoche ilipungua, watu wajifunza kuiokoa minazi. Jambo hili hutupa moyo.

Vuli tulizoziona

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Katika mazungumzo yetu ya jioni tumezihesabu vuli kadha wa kadha ambazo hazikusahauliwa.

Ya kwanza ni ya mwaka 1961. Wengine wetu tulikuwa watoto wadogo. Kabla yake palikuwa na ukame na njaa katika sehemu nyingi za Tanganyika. Kisha, tangu Oktoba, mvua zikaja kwa wingi usiotazamiwa, hata mito ikafurika Afrika ya Mashariki yote, na maji ya Ziwa Viktoria yakaanza kupanda. Katika miaka michache yalizidi mita 2 juu ya kipimo chake cha zamani. Tarehe 9 Desemba mwaka huo nchi yetu ilipata Uhuru. Kwa hiyo wazee wengi, wakikumbuka bendera mpya, hukumbuka na matope.

Ya pili ni ya mwaka 1997, mwaka wa El Niño, ambapo mvua za vuli ziliendelea mpaka zikaungana na mwaka mpya, zikaharibu barabara na njia ya reli. Fundi wetu alikuwa kazini. Asema walikuwa wakiitengeneza reli mahali pamoja, na kabla hawajafunga vyombo vyao habari yaja kwamba pamebomoka pengine.

Ya tatu ni ya mwaka 2011. Tarehe 20 Desemba mvua kubwa ilianguka juu ya Dar es Salaam. Bonde la Msimbazi likafurika, na watu wapatao 40 wakafa. Jamaa nyingi waliondolewa mabondeni, wakapewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Krismasi ya mwaka huo ilikuwa ya majonzi katika nyumba nyingi.

Vuli nyingine zilitisha kwa ukavu. Mwaka 2021 mvua zilichelewa, maji ya mto Ruvu yakapungua sana, na mji ukaingia katika mgao wa maji; na mwaka uliofuata hali ikawa vilevile. Tulisimama na ndoo foleni, vijana na wazee. Kisha mwaka 2023 vuli ikaja tena kwa nguvu, na mwezi wa Desemba matope na mawe yakaporomoka kutoka mlima Hanang, yakaizika sehemu ya mji wa Katesh, wakafa watu zaidi ya 80.

Wataalamu wametambua kwamba tofauti hizi hutoka kwa sehemu kubwa baharini. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakiwa na joto kuzidi yale ya upande wa Indonesia, vuli yetu huwa nyingi. Joto likihamia huko, vuli yetu hukauka. Ndiyo sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa huweza kutoa habari za vuli kabla haijaanza. Sisi wazee twazisikiliza habari hizo kwenye redio kwa makini. Dudumizi aweza kutuambia kwamba mvua i karibu. Lakini hawezi kutuambia kama itakuwa ya kiasi au ya kuangamiza.

Maji hayasahau njia yake

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 843,090. Mwaka 2022 walihesabiwa 5,383,728. Maana yake, wengi sana waishio hapa leo hawakuuona mji ulivyokuwa zamani. Waona ukuta na lango. Hawakuona kijito kilichopita pale kabla ya ukuta. Waona mtaro mwembamba uliojaa chupa za plastiki. Hawakumwona mtoto akiogelea humo.

Lakini maji yana kumbukumbu ndefu kuliko watu. Mlalakuwa, kijito kishukacho kutoka upande wa Chuo Kikuu kikaenda baharini, chaonekana kiangazi kama mfereji wa takataka tu. Usiku mmoja wa mvua kubwa watosha kukigeuza kuwa mto, nao hutafuta mapito yake ya kale, hata kama pamejengwa jiko la mtu au chumba cha watoto. Maji hayaulizi hati ya kiwanja.

Basi mzee ajuaye kwamba mahali fulani palikuwa dimbwi la vyura, na mahali fulani palikuwa na daraja la magogo ya minazi, anayo habari iwezayo kuokoa nyumba, pengine na uhai wa mtu. Akinyamaza kwa kudhani hakuna amsikilizaye, au watoto wakimnyamazisha kwa kudhani asimulia hadithi za kupoteza wakati, habari hiyo huzikwa pamoja naye. Ndipo mtu hununua bonde akidhani ni uwanda.

Twamjua kijana mmoja, jirani yetu, aliyetaka kuongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Mama yake mkubwa, aliyeishi hapo tangu miaka ya 1970, akamwambia, "Mwanangu, hapo usijenge. Hapo ndipo tulipokuwa tukichota maji ya kufulia." Kijana akacheka, kwa maana udongo ulikuwa mkavu kabisa. Hata hivyo kwa heshima alichimba kwanza shimo la kujaribu. Kabla hajafika kiuno chake, shimo likaanza kujaa maji. Vyumba akavijenga upande wa pili. Leo, mvua inyeshapo, yeye hulala usingizi.

Mstaafu aliyekuwa jirani yetu

Tukitafuta mfano wa mtu aliyeitumia vuli ya maisha yake vema, hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Msasani, karibu na Mikocheni, palikuwa na nyumba ya Mwalimu Julius Nyerere. Yeye aliuacha urais tarehe 5 Novemba 1985, katikati ya majira haya haya ya vuli, kwa hiari yake. Hakukaa akiyahesabu maembe. Alikwenda Butiama kulima. Tangu mwaka 1987 mpaka 1990 aliongoza Tume ya Kusini, iliyochunguza umaskini wa nchi zinazoendelea. Tangu mwaka 1996 alifanya kazi ya kuwapatanisha Warundi, naye aliendelea nayo hata ugonjwa ulipomshika.

Katikati ya kazi hizo alipata nafasi ya kufanya jambo ambalo nyumba za Kikristo zapaswa kulijua: alizigeuza Injili na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikapigwa chapa mwaka 1996 na matbaa ya Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Ni kazi ya subira kubwa, ubeti baada ya ubeti, ambayo mtu mwenye shughuli za serikali asingeweza kuimaliza. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na kila mwaka vuli ianzapo twaikumbuka siku hiyo. Si kila mstaafu awezaye kupatanisha mataifa. Lakini kila mstaafu aweza kuwapatanisha wajukuu wawili waliogombania embe. Tena aweza kuandika kurasa kumi za mambo aliyoyaona.

Mambo ya kutenda

Tusemeni sasa mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyatenda bila gharama.

Kwanza, tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990. Siku hiyo, badala ya zawadi ya khanga tu au ya kofia, mpeni mzee wa nyumba saa moja ya kumsikiliza. Mwulizeni: Hapa palikuwaje? Maji yalipita wapi? Miti gani iliyokuwapo? Nani aliyepapa mahali hapa jina? Mtoto ajuaye kuandika ashike kalamu. Aandike tarehe, na jina la msemaji, na maneno yake kama alivyoyasema.

Pili, ninyi walimu, watoeni watoto nje. Tarehe 10 Oktoba simamisheni fimbo uwanjani. Wekeni kopo lililo wima pande zote mpate kupima mvua kwa rula, na kuandika kila asubuhi. Baada ya miaka mitano darasa litakuwa na kitabu chake lenyewe cha vuli. Tena mwalikeni mzee mmoja wa mtaa aje kueleza majina ya mahali. Watoto watasikia jografia, historia na Kiswahili kwa kinywa kimoja.

Tatu, ninyi akina baba na akina mama, kabla ya kununua kiwanja au kuongeza chumba, msiridhike na maneno ya dalali. Nendeni mkawaulize wazee wawili waliokaa hapo muda mrefu; na wakitofautiana, mwulizeni wa tatu. Zibueni mitaro mwezi wa Septemba, wala msingoje Desemba. Na pandeni miti ipendayo mahali penu. Nasi hapa Mikocheni tumekwisha kupata mbegu za makoche, tumezifukia kando ya ukuta, ambapo vijana wametuonya kwamba huota polepole sana. Twajua. Mti huo haukupandwa kwa ajili yetu.

Nne, sisi wenyewe tuliostaafu, tusingoje kuulizwa. Mwenye habari asijifanye ghala lililofungwa. Lakini tusimulie kwa kiasi, kwa ukweli, bila kuusifu wakati wa zamani kana kwamba haukuwa na njaa wala maradhi, na bila kuwadharau vijana, ambao wana mizigo yao. Mvua ya vuli ikinyesha kwa kiasi, ardhi huipokea yote. Ikinyesha kwa ghadhabu, hupita juu tu na kwenda baharini. Maneno ya wazee ni hivyo hivyo.

Wasomaji wetu, majira haya ni mafupi. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wazee nao hawakai milele. Yeyote aliye na babu au bibi nyumbani, au jirani mwenye mvi mtaani kwake, amwendee juma hili hili, na daftari mkononi, kabla mvua hazijakoma.